Uliza Ujibiwe: Ule mnara wa Tongoni ulikuwa wa mlinzi kweli?

Toka tuweke picha ya magofu ya Tongoni toleo lililopita maswali hayakatiki, mengine yamekuja kwa barua, mengine kwa simu, mengine watu wameyaleta wenyewe mpaka ofisini, na mengi yanaulizia kitu kimoja tu, ule mnara. Kwahiyo safu nzima ya leo nimewapa wapenzi wa magofu. Wale wa maswali ya mirathi na mipaka ya viwanja mnivumilie, yenu nimeyatunza, yatatoka toleo lijalo.

Mwalimu shikamoo. Mi mzaliwa wa Tanga hapahapa na toka niko shule ya msingi tunaambiwa ule mnara wa kwenye magofu ya Tongoni alijenga Mreno, mlinzi wake anapanda juu anaangalia meli zinazokuja, akiona adui anawasha moto ili wenzake wa Mombasa wajue. Sasa kuna kijana wa pale kijijini kaniambia ule sio mnara wa mlinzi, ni kaburi. Tushike lipi? (Mama, Makorora)

Marahaba mama. Shika la kijana. Ule ni kaburi, au niseme vizuri zaidi, ni nguzo iliyoinuliwa juu ya ukuta wa kaburi, na mwenye kaburi alikuwa mtu mzito wa mji ule.

Wala usiniamini mimi, nenda kauangalie kwa macho yako. Zunguka chini yake utafute mlango, hupati. Tafuta ngazi, hakuna. Tafuta hata tundu la kuchungulia, hakuna, maana ndani kumejaa mawe na chokaa mtindo mmoja toka chini mpaka juu, sasa huyo mlinzi angepandia wapi na angekaa wapi? Alafu angalia ile nguzo imesimama kwenye nini, utaona kizimba cha ukuta wa mawe cha mstatili ambacho uso wake umegawanywa vipande vipande kwa nakshi, hicho ndo kaburi lenyewe, na pembeni yake kuna wenzake wengi tu. Tongoni ina makaburi ya zamani zaidi ya 40, ni katika sehemu zenye makaburi mengi ya namna hiyo kwa pamoja pwani nzima ya Afrika Mashariki. Mengine nayo yalikuwa na nguzo, zikaanguka, ukitembea unaona vipande vyake vimelala kwenye majani. Mi naamini hapo ndo hadithi ya mlinzi ilipozaliwa, kwa sababu zingekuwa zimesimama zote hakuna mtu angeziita minara ya ulinzi, kila mtu angejua yuko makaburini, lakini ikibaki moja peke yake imekaa pale inatazamana na bahari basi macho yanaona mlinzi.

Na huo moto wa kuonekana Mombasa, mama, kutoka Tongoni mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 100. Hauonekani.

Sasa tuje kwa Mreno, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye utamu wenyewe. Mwanzoni mwa Aprili 1498 Vasco da Gama alikuwa anapanda kaskazini na meli zake kuelekea Mombasa, sasa alfajiri bado kiza meli yake moja inaitwa São Rafael ikapanda fungu mbele ya pwani yetu hii. Maji yakapwa, meli ikabaki kavu, wakahangaika na nanga zao wakasubiri mpaka maji yalipojaa ndo ikaelea tena, na furaha yao ilikuwa kubwa. Wakiwa bado wamekwama watu wa huku wakawaendea na vyombo viwili, kimoja kimebeba machungwa, na yule Mreno aliyekuwa anaandika habari za safari kila siku akaandika kwamba machungwa hayo ni mazuri kushinda ya kwao Ureno! Mnaouza machungwa ya Muheza pale stendi mjue sifa ya tunda hili upande wetu ina zaidi ya miaka 500 kwenye maandishi. Yale mafungu wakayapa jina la ile meli, na milima mizuri waliyoiona kwa mbali huko bara, ambayo ndo Usambara yetu, nayo wakaipa jina hilohilo.

Haikuishia hapo. Januari 1499 wanarudi kutoka India, mabaharia wengi wameshakufa kwa maradhi, waliobaki hawatoshi kuendesha meli tatu, ikabidi moja waichome moto, na waliyoichoma ni hiyohiyo São Rafael na waliichomea kwenye mafungu hayahaya. Wakakaa hapo siku kadhaa wanahamisha mizigo, wenyeji wanawaletea kuku, wao wanatoa mashati na bangili. Yule mwandishi akautaja na mji wenyewe kwa jina, akaandika Tamugata kwa masikio yake ya kigeni, ndo Mtang'ata, ndo upande huu wa Tongoni tunaouzungumzia. Sanamu ya mti ya malaika Rafaeli iliyokuwa kwenye ile meli waliiokoa na ipo mpaka leo kwenye makumbusho ya bahari kule Lisbon.

Kwahiyo mama hebu tizama mwenyewe. Mreno alipofika alikuta mji, watu wana vyombo vyao vya baharini, wana kuku, wana machungwa, wana biashara. Ule msikiti na makaburi ya pale wanahistoria wanayaweka karne ya 14 na ya 15, yani yote yalikuwepo kabla hajatia nanga. Mreno hakujenga, Mreno alikuta. Na hili jambo linaniuma kwa kweli, kila tukiona jiwe limesimama pwani tunampa mgeni, mara Mreno mara Mshirazi, wakati waliovunja yale matumbawe na kuchoma ile chokaa ni watu walioishi papa hapa na wamezikwa papa hapa. Wanao wameshasimuliwa habari ya mlinzi, sawa, sasa warudishe tena pale siku moja uwasimulie habari ya machungwa.

Asalaam aleykum mwalimu. Nimesoma sana habari zako. Kama ni kaburi, je dini yetu si inakataza kuyainua makaburi? Hao walikuwa Waislamu kweli? (Mzee wa Chumbageni)

Waaleykum salaam mzee wangu, na shikamoo. Walikuwa Waislamu bila shaka yoyote, msikiti wao uko hatua chache tu kutoka kwenye makaburi na kibla chake kinaelekea kaskazini kama cha msikiti wowote wa pwani hii. Hukmu ya kuinua makaburi nawaachia masheikh, wao ndo wenye elimu hiyo. Mi naweza kusema kilichofanyika.

Kilichofanyika ni kwamba watu wa pwani, kuanzia kusini ya Somalia kushuka Kenya mpaka huku kwetu, walikuwa na desturi hii kwa karne kadhaa na huikuti sana sehemu nyingine za ulimwengu wa Kiislamu. Utaziona nguzo hizi Malindi pale ufukweni jirani na msikiti, utaziona Gedi, Mnarani Kilifi, Takwa kule kisiwa cha Manda, ukija huku Tanzania kuna Tongoni, Kaole na Kunduchi. Nyingine za mviringo, nyingine za mraba, nyingine zina pembe nane. Wataalam wamebishana sana asili yake, kuna wanaosema desturi imetoka kwa watu wa bara na kuna wengine wana maelezo yao, mi niko na wale wanaosema ilikuwa ni alama ya cheo na ukoo, yani familia inatangaza hapa amelala mkubwa wetu na sisi ndo wenye mji.

Na ukitaka kujua kwamba ilikuwa ni fahari, angalia vile vishimo vya duara kwenye nguzo na kwenye kuta za makaburi. Wengi wanadhani ni matundu ya risasi (na hapo ndo hadithi ya mlinzi inazidi kunoga), hapana, ni sehemu zilipokaa bakuli. Walikuwa wanachukua bakuli na sahani za kigeni, nyingi za Kichina zile za rangi ya kijani ya maji na za bluu na nyeupe, wanazipachika kwenye chokaa ikiwa bado mbichi ziwe pambo la kaburi. Bakuli hizo zilikuja na biashara ya kaskazi na kusi, zinapita mikono ya wafanyabiashara wa India na Uarabuni mpaka kufika kwenye majahazi ya huku, sio kitu cha bei rahisi. Sasa mtu anayepachika mali kama hiyo kwenye kaburi ya baba yake anakuonesha kitu. Nyingi zimeshabanduliwa na kuibiwa, kilichobaki ni alama tu ya duara.

Na Tongoni kulikuwa na jambo kubwa zaidi mzee wangu. Mwaka 1857 yule Mwingereza Richard Burton alipita magofu haya, na kwenye kaburi mojawapo aliona kigae cha kung'aa kimeandikwa maneno ya Kiajemi. Maandishi ya Kiajemi kwenye makaburi ya pwani yetu ni kitu adimu mno. Leo ukienda hukioni, hakipo.

Habari mwalimu, mi niko Bagamoyo, nyumbani kwetu ni karibu na Kaole. Huku nako tuna magofu na nguzo za makaburi, ila kinachonichanganya ni kwamba bahari iko mbali, kuna msitu wa mikoko katikati. Sasa mji wa bandari wanajengaje mbali na maji? (Kijana wa Kaole)

Nzuri kijana wangu. Hawakujenga mbali na maji, maji ndo yalihama. Kaole ilikuwa na ghuba yake vyombo vinaingia mpaka karibu, baadae mchanga na tope vikajaa, mikoko ikaota juu yake, na mkoko ukishashika tope hauliachii, tope linazidi kukaa na mkoko unazidi kusogea mbele. Mwisho bandari ikawa kichaka.

Kaole kuna misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20, na msikiti wa kwanza unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, yani ni katika misikiti ya zamani kabisa ya mawe Tanzania bara. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtaalam Neville Chittick alifukua pale. Kile kisima cha msikitini kakiangalie vizuri utaona mpango wa watu, kisima, birika ya kutawadha, alafu ndo unaingia kuswali.

Msifikiri lakini kwamba ghuba ilipoharibika watu waliyeyuka. Karne ya 19 Kaole bado ilikuwa na askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Zanzibar, na Burton na Speke walipoanza safari ya kwenda maziwa makuu mwaka 1857 walishukia hapo. Ni baadae ndo shughuli zote zikahamia Bagamoyo mjini. Kwahiyo wewe mtoto wa Kaole usikubali mtu akuambie kwenu ni pembeni ya Bagamoyo, kwenu ndo mkubwa, Bagamoyo ni mdogo wenu.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu hapa Bagamoyo. Kwahiyo pwani yetu haina mnara wa ulinzi hata mmoja? Ukweli nilikuwa naupenda sana ule wa mlinzi. (Mwanafunzi)

Marahaba mjukuu wangu, usihuzunike, unao mlangoni kwako. Nenda kautazame ule wa Dunda hapohapo Bagamoyo. Ule ndo mnara wa ulinzi kwelikweli, umejengwa na Wajerumani mwaka 1889 wakati wa vita na watu wa Abushiri. Ni wa mviringo, mawe ya matumbawe, ukuta mnene, ndani kuna nafasi ya askari kukaa na ukutani kuna matundu ya kupenyeza bunduki. Sasa uweke kichwani pamoja na nguzo ya Kaole utaona tofauti bila mtu kukuelezea, mmoja una ndani na mwingine hauna ndani.

Na usiusome kwa upande wa aliyejenga peke yake. Walijenga kwa sababu walikuwa wanaogopa. Upinzani ulianzia Pangani mwaka 1888 ilipotangazwa kwamba kampuni ya Kijerumani ndo inashika pwani, inapandisha bendera yake na inakusanya ushuru, ukasambaa pwani nzima, Bagamoyo ikapiganiwa sana. Abushiri bin Salim wakamkamata wakamnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Ukisimama Dunda fikiria pia waliokuwa nje ya ukuta.

Ya kale zaidi, miji ya pwani ilijilinda kwa namna nyingine. Gedi ina kuta kuzunguka mji, Songo Mnara vilevile ina ukuta. Na ulinzi mwingine haukuhitaji jiwe, bahari yenyewe ina mafungu na miamba ambayo mgeni haijui njia yake, umeona yaliyomkuta São Rafael.

Mwalimu salaam. Mi fundi uashi, nimejenga miaka mingi. Nimeyaona yale makaburi Tongoni yanamomonyoka mpaka huruma. Kwa nini wasipige lipu ya sementi tu yakadumu? Na wale wa zamani walitumia nini mpaka ikakaa miaka mia sita? (Fundi, Pongwe)

Salaam fundi, umeuliza swali ninalolipenda kuliko yote ya leo.

Walitumia matumbawe na chokaa. Matumbawe ya aina mbili, kuna yale magumu ya nchi kavu, miamba ya zamani iliyotoka baharini, hayo ndo ya ukuta, na kuna yale yanayotolewa baharini yakiwa bado mabichi, hayo ni laini, unayachonga kwa shoka na tezo kama unachonga mti, yakikauka yanakuwa magumu. Ndo mana vibla na nakshi za makaburi ni za matumbawe ya baharini. Chokaa walichoma kwa kupanga magogo ya miti mengi duara, juu wanajaza matumbawe, wanatia moto, inabaki lundo jeupe ambalo wanaliacha muda mrefu linyeshewe mvua mpaka liive. Wewe fundi unajua chokaa isiyoiva inavyofanya, inapasuka ukutani baadae. Wao walikuwa na subira hiyo.

Dari walitumia boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kupita kiasi, ndo mana vyumba vya majumba yote ya zamani pwani ni vyembamba kama korido, upana wake unakwenda na urefu wa boriti. Msikiti ukitaka uwe mpana lazima uweke nguzo katikati.

Sasa sementi. Sementi ni ngumu kuliko lile jiwe na kuliko ile chokaa, na haipitishi unyevu vizuri. Ukuta wa pwani unanyonya maji kutoka chini na maji yana chumvi, ukiwa na chokaa ule unyevu unatoka nje taratibu na ukuta unapumua, ukiufunika na sementi unyevu hauna pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu inakula jiwe kwa ndani, nje unaona pazuri, siku moja lipu inabanduka na nusu ya ukuta. Utakuwa umeuua kwa kutaka kuuponya. Kazi nzuri unaweza kuiona Kilwa, wale magofu yao yaliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, yakachakaa mpaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, watu wakakarabati kwa chokaa na mawe yaleyale kama ya mwanzo, na mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo ya hatari. Mafundi wenyeji walishiriki kazi ile. Na mi nasema wazi, mafundi wa Tanga na Pangani ambao bado mnajua chokaa mnatakiwa Tongoni kuliko mnavyojua, ila msiende na ndoo zenu kwa huruma tu, sehemu ile inalindwa kisheria, nenda kwanza idara ya mambo ya kale waambie unachokijua, waulize nafasi.

Mwalimu habari ya kazi. Mwanangu alikuwa anaokota kombe ufukweni maji yakiwa yamepwa karibu na magofu akapata vipande vya sahani, vya kijani na vingine vya bluu. Kuna jamaa anataka kuvinunua. Niuze? (Dada, Tongoni)

Nzuri dada yangu. Usiuze.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na vipande vya namna hiyo vinaingia humo, huruhusiwi kuviuza ovyo wala mtu kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Sheria hiyo inalinda hadi milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, kwahiyo na wale wanaopita Pangani na Bagamoyo wanang'oa milango ya mababu usiku wajue. Huyo jamaa kama anakuja kila mara kuulizia vigae, toa taarifa kwa mlinzi wa magofu.

Lakini sheria sio sababu pekee. Kigae kikiwa pale kilipo kinaongea, mtaalam akikikuta kwenye tabaka fulani la udongo anajua ule ukuta wa juu yake ni wa lini, hivo ndo tumejua umri wa Kaole na Tongoni. Kikishatoka kikaenda kwenye mfuko wa mtu kinabaki kuwa kipande cha sahani iliyovunjika. Mpeleke mwanao kwa mlinzi wa magofu, aonyeshe na pale alipovipata, na umsifu mtoto kwa macho yake.

Mwalimu, sisi wa kijijini tunasikitika, vijana wanakuja kupiga picha wanapanda juu ya makaburi na viatu, wengine wanaandika majina yao kwa mkaa. Wengine wetu tunakwenda pale kuomba dua na kufukiza ubani. Utusemee. (Mzee wa kijiji)

Shikamoo mzee wangu, nawasemea. Vijana, pale ni makaburini. Hata kama hujui jina la aliyelala hapo na hata kama amekufa miaka mia sita, huwezi kukanyaga kaburi la babu ya mtu ili upate picha. Kuna nafasi ya kutosha ya kusimama pembeni na picha inatoka nzuri zaidi maana nguzo yote inaonekana. Mkaa na rangi vinaingia kwenye chokaa na kuvitoa ni kuibandua chokaa yenyewe. Na ukipanda ukuta wa kaburi mawe yanalegea, uliona nguzo zilizolala kwenye majani, sio zote zimeangushwa na mvua.

Ukikuta watu wana dua yao subiri wamalize. Wao ndo sababu sehemu hii bado ipo.

Mwalimu shikamoo, na mimi ni mwalimu mwenzio wa shule ya msingi. Nataka kuwapeleka darasa la sita Tongoni. Tunafikaje na niwaonyeshe nini maana wengine wakifika wanaona mawe tu. (Mwalimu, Duga)

Marahaba mwalimu mwenzangu. Kufika sio shida, ni kama kilomita 17 kutoka Tanga mjini kwenye barabara ya Pangani, gari za Pangani zinapita, mnashuka Tongoni mnatembea kuelekea baharini. Kama mnaweza msiende kipindi cha masika, mvua inawaharibia siku. Wabebe maji, na mkifika jitambulisheni kwanza kwa mlinzi wa magofu na mlipe kiingilio.

Usianze na ule mnara. Wote watakimbilia pale, wewe waingize msikitini kwanza. Waambie watafute kibla bila kuwasaidia, alafu mmoja mwenye simu ya mwalimu afungue dira aone kibla kinaelekea wapi, wataona kaskazini, wakuambie wenyewe kwa nini. Wapime upana kati ya ukuta na nguzo kwa hatua zao, hapo ndo uwaeleze habari ya boriti ya mkoko. Mkitoka msikitini kwenda makaburini wape kazi ya kutafuta duara za bakuli, atakayepata nyingi awaonyeshe wenzake, marufuku kugusa. Nguzo waijie mwisho, na swali liwe moja tu, waulize mlinzi angepandia wapi, uwaache wazunguke.

Kabla ya kuondoka wapeleke upande wa bahari. Ukiwahi maji yakiwa yamepwa wataona jinsi mafungu yanavyotokeza, na hapo ndo uwasomee habari ya São Rafael, kwanza ilivyokwama Aprili 1498, kisha ilivyochomwa Januari 1499. Kama kuna mtoto kabeba chungwa kwenye mfuko wake usimkataze kulimenya.